Siku Mama Alipouinua Mchi

Nilipokuwa mtoto kule Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, niliijua sheria ya mchi kabla sijajua kuandika jina langu. Mchi wa kinu una upande wa kushikia na upande wa kupondea, na ule wa kupondea hautazami mbinguni kamwe. Ukimaliza kutwanga sombe, yale majani ya muhogo, unaulaza chini kando ya kinu, basi. Ukiuelekeza juu, hata kwa mchezo, umemtwanga Mungu usoni, naye anafunga mvua. Aliyetufundisha hayo ni Koko, mama yake baba, na Koko hakuwa mtu wa kueleza jambo mara mbili. Siku nilipoubeba mchi begani nikijifanya askari, alinichapa vidole kwa mwiko wa ugali.

"Unataka tukule nini?" aliniuliza. "Tukule mabati?"

Msidhani tulikuwa watu wa mizimu. Tulikuwa Waprotestanti kutoka Kivu ya Kusini, wa kwaya na wa kufunga kila Jumatano, na pasta wetu aliigombeza mila kila alipopata nafasi. Lakini mimi nilikuwa natumwa nyumbani kwake kuomba moto, na nawaambia, mchi wa mke wake ulikuwa umelazwa chini kama wa kila mtu.

Siku hizi ninakaa Ruti, hapo pembeni mwa Mbarara. Nina cherehani yangu, nina kibaraza cha kukalia, na ninasali kanisa la jirani. Mara kwa mara anatujia mhubiri mgeni kutufundisha kwamba Mkristo hamkasirikii Mungu. Hasira ni mlango wa shetani, anasema, uufunge, ushukuru, mambo yaishe. Wenzangu wanaitikia amina. Mimi namtazama tu, nasema moyoni: huyu hakumjua mama yangu.

Hasira ya mama kwa Mungu ilitokana na mdogo wangu. Aliitwa Dieudonné, yaani Mungu ametoa, nasi tukamkatia jina tukamwita Dodo. Mama alikimbia Kongo akiwa na mimba yake, analala porini, anakula alichookota, na baba amepotelea nyuma bila habari yoyote ya uhai wala ya kifo. Kila mtu alisema mimba ile haitafika. Ikafika. Mtoto akazaliwa Nakivale, mzima, ana kichwa kikubwa na sauti ya kupasua masikio, na mama akampa jina lile kama mtu anayelipa nadhiri mbele ya mashahidi.

Dodo alikuwa na ugonjwa wa ndala. Akiona ndala za mtu mzima mlangoni, za nani si kitu, anaingiza miguu na kuzunguka nazo uani, pa, pa, pa, anaanguka, anainuka, anaendelea. Wageni walikuwa wanaondoka kwetu wakitafuta viatu vyao nyuma ya jiko. Mama alikuwa akimwambia, "Ngoja, siku moja nitakununulia zako mwenyewe, utaacha kutuaibisha."

Kisha ikaja homa. Tulidhani ni malaria ya kawaida, kama ya kila mtu, ya kumeza dawa na kutapika na kulala. Ikapanda, akaanza degedege, na watu wa zahanati ya kambini wakasema apelekwe Mbarara upesi. Mama akapanda naye kwenye gari la wagonjwa bila hata kubadilisha kitenge. Mimi nikabaki na Koko.

Kanisa zima likaingia katika maombi, na hilo siwezi kulisahau wala kulidharau. Watu walioshindia uji walikataa hata uji huo kwa ajili ya mdogo wangu. Walijifungia katika chumba cha maombi, wakalia mpaka sauti zikawakauka. Na jirani yetu Mama Esta, shemasi, mwanamke mwenye mikono ya huruma na karama ya maono, akatoka mle ndani machozi yakimtiririka, anatetemeka.

"Nimemuona Dodo!" alisema. "Amevaa nguo nyeupe, anacheza fasi moja, pahali pa majani mingi, anacheka. Atapona!"

Pasta akampigia mama simu hapo hapo, akampa Mama Esta aseme mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshika sketi ya Koko, nikasikia sauti ya mama ikitoka ndani ya ile simu, analia, anacheka, anasema asante, asante Yesu, asante. Sikumsikia tena akilisema neno hilo kwa namna ile maisha yake yote.

Kwa sababu aliamini. Hapo ndipo penye donda. Mwanamke ambaye tangu afike hospitali hakuwa ameondoka kando ya kitanda cha mwanawe, hata chooni alikuwa anakimbia kwenda na kurudi, sasa alitulia. Asubuhi yake akamwacha Dodo na mgonjwa wa kitanda cha pili, akatoka kwenda soko la Mbarara kumtafutia ndala. Mtoto atapona, atarudi nyumbani kwa miguu yake, basi arudi na ndala zake. Alichagua za bluu. Alichagua kwa raha, aliniambia miaka mingi baadaye, alimfanya muuzaji azishushe zote.

Aliporudi, walikuwa wameshamfunika shuka.

Hakuna aliyekosea pale hospitalini, wala sitaki mtu adhani hivyo. Nesi mmoja, Munyankore, mwenyeji wa huku, alimshika mama mikono yote miwili akalia naye. "Pole sana, mama," alimwambia kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. "Tumejaribu, tumejaribu. Toto imekataa." Mama alikuwa bado ameshika mfuko wa ndala.

Dodo akaletwa nyumbani, tukamzika kilimani upande wa juu wa makaburi, kwenye udongo mkavu maana kiangazi kilikuwa bado hakijatoka. Tukakaa kilio. Kwetu, nyumba yenye kilio haitwangi. Kinu kinapinduliwa kifudifudi, mchi unalala kando yake, na majirani wanatwanga kwao na kuleta chakula mpaka kilio kiondolewe. Kwa hiyo kinu chetu kilikuwa kimepinduliwa pale uani, na wanawake wamekaa mikekani wamekizunguka, siku pasta aliposimama kuhubiri.

Alihubiri vizuri, masikini. Alisema Mungu alimpenda Dodo kutushinda sisi sote. Alisema bustani ya mbinguni ilikuwa inahitaji ua. Mimi nilikuwa mtoto, nikajiuliza Mungu hana maua ya kutosha? Kisha Mama Esta akainuka, uso wake unang'aa.

"Sasa nimeelewa maono yangu!" alisema. "Ile fasi ya majani haikuwa hapa. Ilikuwa mbinguni! Nilimuona akiwa mbinguni! Haleluya!"

Watu wakaitikia haleluya. Mama akasimama.

"Mama Esta," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba chumvi. "Ungeniambia ni mbinguni, singeenda soko. Ningebakia pale. Ningemuaga mutoto wangu."

Mama Esta akakaa chini mkekani.

Mama akakiendea kinu. Koko ndiye wa kwanza kuelewa, akaanza kujiinua mkekani, lakini magoti ya Koko yalikuwa ya zamani. Mama akaushika mchi, akaugeuza, upande wa kupondea ukatazama juu. Na hakuuinua tu. Alitwanga. Aliitwanga mbingu ile, juu, juu, juu, kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na kitenge kikamfunguka kichwani.

"Shuka!" alipiga kelele. "Shuka uniambie weye mwenyewe! Juu ya nini unatuma batu? Hauko na mudomo? Shuka!"

Wanawake wakapiga yowe. Mmoja akanifunika macho, nikauondoa mkono wake. Koko alitambaa mpaka akaikumbatia miguu ya mama, anamwita mwanangu, mwanangu, utatuua. Na mimi niliangalia juu. Niliangalia kwa bidii, kwa sababu mama alikuwa ameita, na mama akiita kwa sauti ile watu wote wa nyumba yetu walikuwa wanakuja. Nilingoja ashuke. Mbingu ilikuwa bluu, safi, haina kitu.

Msimu wa mvua ukafika, mvua haikufika.

Watu walipanda maharage kama kawaida, kwa kuamini. Yakachipua kwa umande, yakasimama siku chache, yakakauka yakiwa na majani mawili. Mahindi hayakuchipua kabisa. Ziwa letu la Nakivale likarudi nyuma, likaacha tope lililopasuka, na viboko wakawa wanaonekana migongo mchana kweupe. Munyankore mmoja aliyekuwa akituletea maziwa kwa baiskeli alikuja na vibuyu vitupu ili tu kutulalamikia. "Banange," alisema, "nyinyi ba-Congo mulifanya nini na mvua yetu?" Alikuwa anatania, lakini hakuna aliyecheka. Wote walitazama nyumba yetu.

Leo najua ukame ule ulishika wilaya nzima ya Isingiro na kuvuka hadi Tanzania. Hata siku zile nililisikia hilo, nikamwuliza Koko, kwa akili zangu za kitoto: kama ni mchi wa mama, mbona kule kambi ya Oruchinga nako hakujanyesha, na kule hakuna anayemjua mama?

"Mbingu ni moja," alisema Koko, akaendelea kuchagua mawe katika maharage.

Nilimwamini. Sote tulimwamini, Mungu atusamehe, wasomi na wasiosoma, waliookoka na waliorudi nyuma. Koko aliionya familia yake na onyo lilikuwa limetimia mbele ya macho yetu. Nilipolala niliota radi ikimtafuta mama nyumba hadi nyumba. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, mama aseme neno la kuomba radhi, Mungu afungue, watu warudi kutusalimia.

Wazee wa kanisa walikuja kumtaka afanye toba. Waliketi kwenye benchi letu, pasta katikati. Mama alikaa mlangoni akiwa ameupa mgongo uwanja.

"Dada yetu, umemutukana Mungu," alisema mzee mmoja.

"Sikumutukana," alisema mama. "Nilimuita."

"Ulimuitaje vile?"

"Nilimuita kwa kufunga, kwa kulia, kwa kupiga magoti. Hiyo yote mulinifundisha nyinyi. Ilibakia muchi."

Wakaondoka. Lakini mke wa mzee mmoja alibaki nyuma akanong'ona na Koko, na Koko akamletea mama shauri la wanawake: mwenye kuuinua mchi anaupeleka majini yeye mwenyewe, upande wa kupondea ukitazama ardhi njia nzima, anauosha, anasema nimekosa. Pasta alipoulizwa alikohoa. Alisema habari za mchi hakuzisikia, lakini toba ni toba popote inapofanyika.

Mama akakataa. "Akinijibu, nitaenda," alisema. "Nimeuliza, ninangoja jibu." Alimkatalia Koko, akamkatalia Mama Esta aliyekuja kulia mlangoni kwetu, na ninaamini angekataa mpaka leo kama si lile jerikani langu.

Nilikuwa natumwa bombani. Foleni ilikuwa ndefu, maji yanatoka kama uzi. Nikikaribia mbele, mwanamke ananisukumia jerikani nyuma kwa mguu, bila kunitazama. Nikijongea tena, mwingine anafanya vilevile. Sikupigwa wala sikutukanwa. Hatimaye mmoja aliniambia, kwa upole hasa, "Muambie mama yako akupe maji. Si ni yeye iko na ufunguo?" Nikarudi nyumbani na jerikani tupu.

Mama alilitikisa lile jerikani. Akanitazama usoni. Hakuniuliza nani, hakuniuliza kwa nini. Alikaa chini, akavua kitambaa cha kichwani, akakifunga upya, polepole.

"Enda uwaambie nitaenda," alisema.

Tulishuka ziwani alasiri, nusu ya kijiji nyuma yetu. Mama mbele na mchi, kichwa cha mchi kikitazama vumbi. Wanawake waliimba nyimbo za toba kwa sauti nzuri, ile sauti yetu ya kuachiana na kupokeana ambayo mpaka leo nikiisikia mahali popote naacha ninalofanya. Pasta hakuwepo, ila nilimwona amesimama kilimani kwa mbali. Mama akavuka tope akaingia majini mpaka magotini. Koko alimshika kitenge kwa nyuma.

"Sema, mutoto wangu," alisema Koko.

Mama aliuosha mchi. Aliuosha vizuri kama anayetaka kutwangia chakula cha wageni. Kisha akageuka, akanitafuta kati ya watu mpaka akaniona. Nilikuwa nimebeba jerikani langu. Nikamwitikia kwa kichwa. Nilidhani amesahau maneno, namkumbusha.

"Nimekosa," alisema. Sauti haikuwa na kitu ndani yake. "Fungua mvua. Batoto ya batu banakufa na njaa. Fungua."

Vigelegele vikapanda. Walimkumbatia, walimlilia mabegani, wanawake walewale wa bombani. Mama alisimama katikati yao mikono ikining'inia, na mchi ukaelea kidogo karibu na magoti yake kabla Koko hajaudaka.

Kesho yake ikanyesha.

Najua mtu atasema mawingu yalishaanza kukusanyika upande wa Tanzania tangu wiki ile. Mimi mwenyewe nilishasema hivyo nilipofika sekondari na kujiona nimeerevuka. Ilikuja mchana, kwanza harufu, halafu upepo wa kubeba mashuka kwenye kamba, halafu yenyewe, mvua ya kuangusha kuta. Yaya weee! Watu walitoka nje wakaogelea katika matope. Nilivua gauni nikakimbia uchi barabarani na watoto wote, na wale waliokuwa wananikimbia walinishika mikono tukazunguka. Hiyo ilikuwa furaha kubwa kuliko zote za utoto wangu, nawaambia ukweli. Mama yangu alikuwa ameleta mvua!

Nikarudi nyumbani mbio kumwambia. Nilimkuta anapanga masufuria chini ya ukingo wa bati. Pasta akaingia uani nyuma yangu, viatu mkononi, suruali imekunjwa, kalowa chapachapa, anacheka kama kijana.

"Mama Sifa!" Sifa ni mimi. "Mama Sifa, umeona? Bwana amesikia! Umemuita jana, leo amesikia!"

Mama akanyooka. Sufuria ikabaki mkononi.

"Anasikia," alisema.

"Anasikia kabisa!"

"Kumbe anasikia." Akamtazama pasta, maji yanamtiririka usoni sijui ya nini na ya nini. "Basi na kule Mbarara alinisikia."

Pasta alisimama pale na viatu vyake. Mama akainama akaweka sufuria chini ya bati, mahali palipokuwa panavuja sana, akaingia ndani.

Nimeishi na dakika ile zaidi ya nilivyoishi na mume wangu. Nikiwa mtoto sikuielewa, nilidhani mama amechoka. Sasa naielewa kuliko ninavyotaka. Siku alipotwanga mbingu, mama alikuwa bado ana tumaini. Mtu hapigi kelele mlangoni kama anajua hatafunguliwa. Moyoni alikuwa amejiachia njia: labda maombi yale hayakufika, labda yalipotea njiani kama tulivyopoteana sisi na baba. Labda siku moja atajibiwa kwamba, samahani, sikukusikia. Mvua ile ikamnyima njia hiyo. Wote tulipata maharage msimu ule, na mama akapata jibu lake.

Alirudi kanisani Jumapili iliyofuata, na watu wakamsifu Mungu kwa kondoo aliyerudi. Akawa anakaa mwisho wa benchi, upande wa ukuta. Hakuimba. Hakusema amina. Alikwenda kila Jumapili, mvua na jua, hakukosa, akakaa mdomo umefungwa mbele ya Yule aliyekuwa anamsikia. Watu walisema Mama Sifa amekuwa mtulivu.

Mwaka mmoja nilishikwa na malaria kali. Mama alinipa dawa, akanipangusa kwa kitambaa cha maji, akakaa. Nilikuwa naogopa kufa. Nikamwambia, "Mama, uniombee." Akaniziba mdomo kwa kiganja.

"Nyamaza," alisema kwa sauti ya chini. "Usimukumbushe kama uko hapa."

Nilipona. Hakusema asante, na mimi nikamsemea kimyakimya, nikiwa nimejifunika kitenge asinione midomo.

Koko alifariki kwa uzee, mimi nikaolewa nikahamia Mbarara, na mama alipoanza kudhoofika nikamleta kwangu Ruti. Tumbo lilikuwa limeshaharibika. Hospitali walitueleza kwa ukweli, wakaturuhusu tukae naye nyumbani. Pasta wetu wa hapa, kijana mzuri tu, alikuja kumtembelea na Biblia yake, akakaa kwenye kigoda, akamshika mkono.

"Mama," alimwuliza, "uko tayari kukutana na Bwana?"

"Miye niko tayari," alisema mama. "Muulize yeye."

Pasta akacheka, akidhani ni utani wa wazee. Kisha akayaona macho ya mama, akaacha kucheka, akafungua Biblia akasoma mahali sikumbuki wapi. Mama alifariki wiki ile, mchana, nikiwa nimemshika. Yeye nilimuaga. Ilikuwa kiangazi, hapakuwa na dalili yoyote mbinguni, tukamzika katika vumbi. Ndani ya sanduku lake nilikuta ndala ndogo za bluu, nyayo zake safi, hazijakanyaga kitu.

Watu huniuliza, hasa akina mama wenye vifo vipya, nimewezaje kukaa na hasira dhidi ya Mungu na bado nikawa Mkristo. Huwa nawaambia kwamba katika Maandiko wamo waliomlalamikia usoni, na Yeye hakuyafuta maneno yao. Hilo ni kweli, na linasaidia siku mbili tatu. La pili siwaambii. Siwaambii kwamba nimejaribu kumwacha nikashindwa, nimejaribu kumpenda kama watoto wanavyompenda nikashindwa pia, na sasa tunakaa mimi na Yeye kama jamaa waliogombana wanaoishi nyumba moja. Tunasikiana, tukinyamaziana. Kumkosa kabisa ningejua kukulilia, nimewakosa wengi. Huyu yupo. Hilo ndilo silijui la kufanya nalo.

Juzi nilikuwa natwanga sombe uani. Niliingia ndani kuchukua kitunguu, nikatoka, nikamkuta binti yangu, bado hajaota tena meno ya mbele, ameushika mchi kichwa kikitazama juu, anautikisa. Nilimnyang'anya kabla sijajua ninachofanya.

"Juu ya nini umeninyang'anya, mama?"

Nikamweleza ya Koko. Akacheka.

"Mvua ilishaziba kweli?"

Nikamsimulia basi, maana ni mtoto wa kung'ang'ania. Nikamsimulia bibi yake alivyouinua, jua lilivyokausha maharage, tulivyoshuka ziwani, wimbo ule, mchi ukioshwa. Dodo sikumtaja. Nikasema kesho yake mvua ikaja, watoto wote tukaogelea matopeni.

Mtoto akaruka, akapiga makofi, macho yote yamemtoka kwa furaha.

"Kumbe anasikia!" alisema.

Neno lilelile la bibi yake, ila yeye alikuwa anacheka. Alinitazama akingoja nimwitikie. Nikasema ndiyo, mwanangu, anasikia. Nikaulaza mchi chini kando ya kinu, nikamtuma akaniletee chumvi.